Jalada la Mirathi Lisilo na Hesabu: Kisa cha Nyumba Moja ya Temeke

Kisa hiki kinahusu nyumba ya vyumba sita iliyoachwa na mzee mmoja katika Wilaya ya Temeke, jijini Dar es Salaam, na binti yake ambaye alijua kwamba nyumba hiyo inauzwa siku mnunuzi alipofika na mjumbe wa serikali ya mtaa kuoneshwa mipaka. Majina ya wahusika, mtaa wenyewe, mahakama iliyohusika na namba ya jalada nimeviacha nje, kwa kuwa shauri bado lina watu hai ambao wataendelea kuishi pamoja baada ya sisi kumaliza kusoma. Nililisoma jalada lenyewe kwa ridhaa ya binti huyo. Ninalichambua kwa undani kwa sababu linaonesha jambo ambalo wananchi wengi wanaofika katika mahakama zetu za mwanzo hawaambiwi mapema: mtu hawezi kujua aende mlango gani wa sheria kabla hajasoma kilichoandikwa, na kilichoachwa kuandikwa, katika jalada la shauri lake.

Mzee huyo, Muislamu, alikuwa ameoa mara mbili. Mke wa kwanza alipewa talaka, akarudi kwao Tanga na watoto wawili, mmoja wao akiwa huyu binti ambaye sasa ni fundi cherehani Mbagala. Mke wa pili alibaki Temeke na watoto watatu, wawili kati yao wanaume. Mzee alipofariki, mdogo wake alijitokeza kusimamia mambo yote: mazishi, arobaini, madeni madogo ya dukani, na hatimaye maombi ya usimamizi wa mirathi katika mahakama ya mwanzo. Binti alihudhuria mazishi, akarudi kwenye shughuli zake, akaamini kwamba siku ya kugawana ataitwa. Hakuitwa. Miaka mitatu baadaye, alipomfuata baba yake mdogo kuuliza habari ya mnunuzi, jibu lilikuwa fupi: “Mwanangu, mambo hayo mahakama ilishayamaliza.”

Kauli hiyo ndiyo iliyomfunga kwa muda mrefu. Mtu ambaye hajawahi kuingia mahakamani husikia neno “mahakama ilishaamua” kama ukuta, wala haulizi iliamua nini, lini, mbele ya nani na kwa karatasi zipi. Waliomshauri nao walianza na suluhisho. Jirani mmoja alimwambia akate rufaa. Mwingine alimwambia aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa kuwa ugomvi ni wa nyumba. Wa tatu alimwambia amripoti baba mdogo polisi kwa wizi. Kila ushauri ulikuwa na chembe ya mantiki, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa ameliona jalada.

Kabla ya kuendelea ni vyema kueleza mahakama ya mwanzo inasimama wapi. Ngazi zetu zinaanza na Mahakama ya Mwanzo, kisha Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu, na juu kabisa Mahakama ya Rufani. Mahakama ya Mwanzo inaongozwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, na lugha yake ni Kiswahili tangu zamani, hata kabla ya marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Kwa miaka mingi sheria iliwazuia mawakili kusimama humo, kwa nia njema ya kumwacha mwananchi ajieleze mwenyewe mbele ya hakimu. Nia hiyo ninaiheshimu, lakini ina gharama yake: mwananchi asiye na wakili humtegemea karani kumwambia ajaze fomu gani, na asipoambiwa, hakuna mwingine wa kumwambia.

Katika mirathi, Jedwali la Tano la sheria hiyo linaipa mahakama ya mwanzo mamlaka pale ambapo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake na mirathi yenyewe inaongozwa na sheria ya mila au sheria ya Kiislamu. Utaratibu wake umewekwa katika Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Namba 49 la mwaka 1971. Kanuni hizo zimeambatana na fomu zenye namba, na fomu hizo ndizo mifupa ya jalada lolote la mirathi: fomu namba 1 ni ya maombi, namba 4 ni ya uteuzi wa msimamizi, namba 5 ni orodha ya mali na madeni ya marehemu, na namba 6 ni hesabu ya usimamizi. Anayezijua fomu hizo nne anaweza kulisoma jalada la mirathi kwa muda mfupi na kujua limefika wapi.

Tatizo la kwanza la binti lilikuwa namba. Masijala ya mahakama haitafuti shauri kwa jina la mzee aliyefariki mwaka fulani. Inatafuta kwa namba ya shauri na mwaka, kama yalivyoandikwa katika rejista ya mirathi. Alipofika dirishani mara ya kwanza alijibiwa, kwa upole kabisa, “Dada, bila namba siwezi kukusaidia.” Jina linaweza kupekuliwa katika rejista ukurasa kwa ukurasa, na karani mwenye subira hufanya hivyo, lakini katika mahakama za Dar es Salaam zenye mashauri mengi kazi hiyo huahirishwa siku hadi siku. Namba aliipata mahali asipotarajia. Mnunuzi, ambaye alikuwa ameshatoa malipo ya awali na sasa ameingiwa na hofu, alimwonesha nakala ya fomu namba 4 iliyoambatanishwa kwenye mkataba wa mauziano, na juu ya fomu hiyo palikuwa na namba ya shauri, mwaka na muhuri wa mahakama. Asingekuwa mnunuzi, bado palikuwa na njia nyingine: ofisi ya serikali ya mtaa iliyowahi kuandika barua ya utambulisho, au idara ya ardhi ya manispaa kama leseni ya makazi ilikuwa imeshapelekwa huko kubadilishwa jina. Karatasi ya mahakama haikai mahakamani peke yake; huacha nakala kila inapopita.

Akiwa na namba, alirudi masijala, na hapo akakutana na jibu linalowavunja moyo wengi: jalada halionekani. Alirudi tena na jibu halikubadilika. Nje ya geti alikuwapo kijana mmoja, kishoka kama wengine wanaozungukazunguka kwenye ofisi za umma, aliyemwambia kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jalada litapatikana jioni hiyo hiyo. Ninasema kwa uzito wote kwamba kumpa mtu huyo fedha ni kuingia hatarini mara mbili. Kwanza ni rushwa, na mtoaji ana hatia kama mpokeaji. Pili, jalada linalotolewa kwa mlango wa nyuma linaweza pia kupunguzwa au kuongezwa karatasi kwa mlango huo huo, na nakala isiyo na uthibitisho wa mahakama haina thamani mbele ya hakimu yeyote. Malipo halali ya mahakama hupitia namba ya malipo ya Serikali, hulipwa benki au kwa simu, na huacha risiti.

Alichofanya badala yake, baada ya kuelekezwa na msaidizi wa kisheria, ni kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa hakimu mfawidhi wa mahakama hiyo. Barua ilitaja namba ya shauri, jina la marehemu, uhusiano wake na marehemu, na maombi mawili yaliyotenganishwa: kuruhusiwa kulipitia jalada, na kupewa nakala zilizothibitishwa za mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa na kufanyika mbele ya hakimu), amri ya uteuzi, na fomu namba 5 na namba 6. Aliambatanisha cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la baba. Nakala ya pili ya barua aliigongesha muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, akaondoka nayo. Muhuri huo una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Ombi la mdomo halina tarehe, na lisilo na tarehe haliwezi kuthibitishwa kwamba limecheleweshwa. Barua iliyopokelewa inaweza kupelekwa kwa hakimu mfawidhi wa wilaya kama kielelezo kwamba mtu aliomba na hakujibiwa.

Hapa pana swali ambalo watu huuliza mara nyingi: je, jalada la mahakama ni mali ya umma kiasi kwamba yeyote anaweza kuingia na kulisoma? Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya raia kupata taarifa, mashauri husikilizwa hadharani isipokuwa yale ambayo sheria inayafunga, kama yanayowahusu watoto, na orodha ya mashauri ya siku hubandikwa ubaoni ili kila apitaye aisome. Uamuzi wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure na mtu yeyote katika tovuti ya TanzLII, pamoja na sheria zenyewe. Lakini jalada lenyewe, lenye vyeti, ushahidi na anwani za watu, liko chini ya uangalizi wa mahakama, na anayetaka kulipitia huomba na kueleza maslahi yake. Mhusika wa shauri ana nguvu zaidi kuliko mpita njia. Mrithi ambaye jina lake liliachwa nje yuko katikati: kwa karatasi si mhusika, kwa damu ni mhusika kamili, na ndiyo maana cheti cha kuzaliwa kilikuwa na uzito katika barua ile. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba mtandao haumsaidii sana mtu wa mahakama ya mwanzo. Uamuzi mwingi wa ngazi hiyo hausomeki mtandaoni, kwa hiyo mashauri yanayowagusa watu wengi zaidi ndiyo ambayo ni lazima yafuatwe kwa miguu. Nadhani huo ni upungufu ambao Mahakama ina uwezo wa kuuondoa, na inapaswa kuuondoa.

Jibu la barua lilieleza kitendawili cha jalada. Halikupotea. Lilikuwa limeitwa na Mahakama ya Wilaya. Sheria inaipa Mahakama ya Wilaya mamlaka ya kuita kumbukumbu za shauri lolote la mahakama ya mwanzo lililo ndani ya wilaya yake, ikazikagua na, ikiona dosari, ikarekebisha. Mmoja wa watoto wa mke wa pili alikuwa ameandika malalamiko dhidi ya baba yake mdogo, jalada likapelekwa juu, na baada ya hapo halikurudishwa. Katika daftari la mwendo wa majalada tarehe ya kutoka iliandikwa. Tarehe ya kurudi ilikuwa wazi. Mstari huo mmoja ungeweza kusomwa siku ya kwanza. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba jalada halionekani asiishie hapo. Aulize, kwa heshima, kama liliwahi kutoka, liliitwa na nani, na kwa barua ipi.

Jalada lilipopatikana, lilikuwa jembamba. Mwanzoni kulikuwa na fomu namba 1, na chini ya sehemu ya warithi yameandikwa majina manne: mjane na watoto wake watatu. Watoto wa Tanga hawakutajwa. Ulifuata muhtasari wa kikao cha ukoo, mwandiko mmoja toka juu hadi chini, ukieleza kwamba familia yote imekaa na kumpendekeza mdogo wa marehemu. Kulikuwa na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, barua ya serikali ya mtaa, na uthibitisho kwamba tangazo la maombi lilibandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo lilibandikwa kihalali, Temeke. Nduguye binti aliye Tanga asingeweza kuliona, na binti mwenyewe wakati huo hakuwa na sababu ya kupita kwenye ubao wa mahakama. Mwenendo ulionesha kwamba hakuna aliyepinga, hakimu na washauri wawili wa mahakama wakatia sahihi, msimamizi akateuliwa.

Baada ya fomu namba 4 karatasi za usimamizi wa mirathi zilikwisha. Hapakuwa na fomu namba 5. Hapakuwa na fomu namba 6. Kanuni zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au katika muda zaidi ambao mahakama itauruhusu, kuwasilisha orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu, na kisha kutoa hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila karatasi hata moja. Kumteua msimamizi hakulifungi shauri la mirathi, hulifungua. Kauli ya baba mdogo kwamba mahakama ilishayamaliza haikuwa na msingi wowote katika jalada lake mwenyewe.

Ugunduzi huo ndio uliopanga ushauri wote upya. Rufaa ya jirani wa kwanza ilikuwa imefungwa: kutoka mahakama ya mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya muda wa rufaa ni siku 30, na aliyekata rufaa lazima awe mhusika wa uamuzi. Niongeze hapa jambo ambalo limewaangusha wengi. Watu husubiri nakala ya hukumu wakidhani siku zimesimama. Mahakama za juu zimeshaeleza kwamba rufaa inayotoka mahakama ya mwanzo haihitaji kuambatanishwa na nakala ya hukumu, kwa hiyo kungoja nakala peke yake si kinga. Anayetaka rufaa aiwasilishe ndani ya muda, na nakala zitamfuata. Marejeo ya Mahakama ya Wilaya, yaani ule ukaguzi wa kumbukumbu nilioutaja juu, nayo yana ukomo wa miezi 12 tangu shauri kumalizika, na hilo lilikuwa limemgusa yule mtoto wa mke wa pili aliyelalamika: kwenye jalada hakimu wa wilaya aliandika kwamba mlalamikaji anayepinga uendeshaji wa usimamizi arudi katika mahakama iliyomteua msimamizi. Maneno hayo yalikuwa ndani ya jalada muda wote, na hakuna mwanafamilia aliyekuwa ameyasoma, hata yule aliyeandika malalamiko.

Baraza la Ardhi nalo lingekuwa mlango usiofaa kwa wakati huo, kwa sababu hakukuwa na ubishi kwamba nyumba ni ya marehemu; ubishi ulikuwa juu ya anayeisimamia. Na lile la polisi lingehitaji kuthibitisha nia ya wizi kwa mtu mwenye hati halali ya mahakama mkononi, kazi nzito isiyomrudishia mtu fungu lake.

Mlango uliobaki wazi ulikuwa maombi ya kutengua uteuzi wa msimamizi, katika mahakama ile ile ya mwanzo. Kanuni za 1971 zinamruhusu mdai, mrithi au mnufaika kuomba hivyo kama uteuzi ulipatikana kwa udanganyifu, au kama ulitolewa bila mahakama kujua jambo la msingi ambalo lingeufanya kuwa batili, au kama msimamizi anakwenda kinyume na masharti ya uteuzi wake, kwa makusudi au kwa uzembe, kwa hasara ya warithi. Binti alikuwa na sababu mbili zilizosimama juu ya karatasi: warithi wawili kuachwa nje ya fomu namba 1, na fomu namba 5 kutokuwapo. Alitaka kuongeza ya tatu, kwamba nyumba inauzwa bila warithi kuulizwa, nayo ndiyo iliyomuuma zaidi. Alishauriwa asiiweke mbele. Mahakama ya Rufani ilikwisha kutamka kwamba msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya warithi kabla ya kuuza mali ya marehemu, hivyo hoja hiyo ikisimama peke yake ni dhaifu. Ikisimama nyuma ya hoja ya hesabu, inapata uti wa mgongo: msimamizi ambaye hajawahi kuiambia mahakama kuna mali gani anawezaje kuiuza?

Hapa niseme neno kwa wanunuzi pia, maana mnunuzi wa nyumba hii hakuwa mtu mbaya. Alidai kuoneshwa fomu namba 4, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Angeomba pia kuona fomu namba 5 iliyopokelewa na mahakama, ikiitaja nyumba hiyo, pamoja na orodha ya warithi kwenye fomu namba 1, angejua mapema kwamba malipo yake ya awali yanaingia kwenye mgogoro.

Maombi yalisikilizwa. Baba mdogo hakukana kwamba binti na kaka yake ni watoto wa marehemu. Alisema aliona hawana haja, kwa kuwa mama yao aliachwa. Hoja hiyo haina nafasi katika sheria ya Kiislamu aliyoiomba mahakama iitumie. Talaka inamwondoa mke katika mirathi ya mume, haiwaondoi watoto katika mirathi ya baba. Mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, watoto wanagawana kinachobaki, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke, na ndugu wa marehemu hapati kitu palipo na mtoto wa kiume. Msimamizi, kwa maneno mengine, hakuwa na fungu lolote katika nyumba aliyokuwa akiiuza. Mahakama ilitengua uteuzi wake, ikamwamuru arudishe fomu namba 4 na atoe maelezo ya kodi aliyokusanya kwa wapangaji, ikawateua binti na mmoja wa watoto wa kiume wa mke wa pili kusimamia kwa pamoja. Uteuzi wa wawili, mmoja kutoka kila upande, ninauona kuwa wa busara sana katika familia ya wake wawili.

Binti hakuondoka na furaha peke yake. Aliomba nakala tatu zilizothibitishwa za amri hiyo siku ile ile, akazipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, idara ya ardhi ya manispaa na kwa mnunuzi, kila moja ikigongwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake ya kumbukumbu, ili hati ya zamani isitumike tena kwa mnunuzi mwingine. Mashauri ya mirathi na ndoa ya Dar es Salaam sasa yana kituo chake jumuishi Temeke, ambamo ngazi mbalimbali za mahakama ziko katika jengo moja, na kwa familia hii ina maana kwamba rufaa ikitokea, jalada halitasafiri mbali.

Fomu namba 5 ya wasimamizi wapya imeshawasilishwa, ikitaja nyumba, kiwanja kidogo Mkuranga ambacho watoto wa Tanga hawakuwahi kukisikia, na deni la mnunuzi anayedai malipo yake ya awali. Deni hilo litalipwa kabla ya mafungu kugawiwa, kama sheria inavyotaka, na baba mdogo amepewa tarehe ya kuleta maelezo yake ya kodi ya miaka mitatu kwa maandishi.